Kwa nini sijairusha video ya kijana wa Mbeya

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi? Hapa Oklahoma City ni saa kumi na moja alfajiri, nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, niko ndani ya gari, hita inawaka maana baridi ya leo haina utani. Huko nyumbani najua ni saa nane mchana, mmeshakula, mnatafuta cha kutazama. Haya, nipo.

Leo najibu lawama. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Mbeya alinitumia klipu. Kabuni kidude cha kufunga kwenye dripu, maji yakikaribia kuisha kinapiga mlio na kutuma ujumbe kwenye simu ya muuguzi. Aliyewahi kuuguza mgonjwa wodini anaijua adha hiyo. Unakesha umeikodolea macho chupa, ukisinzia kidogo tu unashtuka damu imeanza kupanda kwenye mrija, unakimbia koridoni kumtafuta nesi. Kwa hiyo kidude nimekipenda, nisifiche. Akaniandikia, "Kaka, kirushe kwenye chaneli yako, una watu wengi." Nikamwambia ngoja kwanza. Akanuna. Halafu wenzake wakaanza kunisema kwenye grupu kwamba nikishavuka maji nawabania watoto wa maskini.

Sikubanii, mdogo wangu. Kaa nikusimulie habari ya mzee mmoja wa mji huu huu ninaobebea boksi.

Anaitwa David Albert. Ni daktari, kasoma Harvard, udaktari kausomea Duke, lakini maisha yake kayatumia zaidi kwenye vifaa kuliko kwenye wodi. Tarehe 30 Desemba 2010 alijirekodi video ya kawaida tu, haina muziki wala mbwembwe. Kashika iPhone iliyovishwa kava lenye vipande viwili vya chuma mgongoni. Anaonyesha kwamba ukivigusa vile vyuma, mchoro wa mapigo ya moyo wako unatokea kwenye kioo cha simu. ECG, ile ambayo hospitali wanakulaza kitandani na kukubandika waya kifuani, sasa iko kiganjani. Akaiweka YouTube. Siku chache baadaye, Januari 2011, kulikuwa na maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki Las Vegas, na alipofika kule video ilikuwa imeshasambaa, watu wanamtafuta.

Kijana wa Mbeya akiiona hiyo atasema, "Si umeona? Alirusha, akatoka!"

Tulia. Nenda kaangalie hataza yake namba 8,509,882, ipo wazi kwenye mtandao, kila mtu anaisoma bure. Hataza ni ile hati ya serikali inayokupa haki ya kumzuia mwingine asitengeneze, asitumie wala kuuza ulichobuni, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu siku ulipopeleka maombi. Angalia tarehe ya maombi: 8 Juni 2010. Video Desemba, maombi Juni. Dunia nzima ilipokuwa inashangaa kile kioo, yeye karatasi zake zilikuwa na zaidi ya miezi sita ofisini. Hati yenyewe alipewa Agosti 2013, lakini foleni alishaishika mapema, na kwenye mambo haya kinachohesabiwa ni siku uliyoshika foleni.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu sharti la kwanza la hataza ni upya. Ukishakitangaza kitu hadharani kabla ya kupeleka maombi, sehemu nyingi za dunia zinakuambia hakina upya tena. Marekani wanakuvumilia mwaka mmoja tangu ulipokitangaza mwenyewe. Kwingineko kwingi usitegemee huruma hiyo. Yaani ningeirusha klipu yako, mimi kaka yako ninayekupenda ndiye ningekuwa shahidi wa kwanza dhidi yako!

Sasa ngoja niwaambie kinachonivutia zaidi kwa huyu mzee, na hapa nitakaa kidogo.

Watu walidhani ile video ni wazo la wiki moja. Wapi! Kabla ya hapo alikuwa ameshaanzisha kampuni ya vifaa vya moyo iliyoitwa Corazonix. Baadaye akaanzisha Data Critical, iliyokuwa inapeleka kengele za mashine za wagonjwa kwenye kifaa kidogo anachotembea nacho muuguzi. Mdogo wangu umesikia? Kengele ya mgonjwa kumfuata nesi alipo. Wewe na yeye ni majirani wa mawazo. General Electric waliinunua Data Critical mwaka 2001, na yeye akawa mwanasayansi mkuu wa kitengo chao cha moyo hadi 2004. Na huko nyuma, mwaka 1996, alishapeleka maombi ya hataza ya kupokea mawimbi ya moyo kwenye kompyuta ya mkononi kwa njia ya sauti. Ikatoka 1998. iPhone haijazaliwa! Ilikuja 2007. Wazo lilikuwa limekaa linasubiri simu.

Nimesema sauti, na hapo ndipo penye utamu. Kile kifaa chake, ambacho leo kinauzwa kwa jina la KardiaMobile na kampuni ya AliveCor aliyoianzisha na Waaustralia wawili, Bruce Satchwell na Kim Barnett, kile cha asili hakitumii waya wala Bluetooth kuongea na simu. Kinaimba. Unaweka vidole vya mkono wa kulia kwenye chuma kimoja, vya kushoto kwenye kingine, kinasoma umeme mdogo wa moyo wako, kinaugeuza kuwa sauti nyembamba sana, kama 19 kHz hivi, yaani mitetemo 19,000 (Hz 19,000) kwa sekunde, na maikrofoni ya simu inaisikia. Sekunde 30, kazi imekwisha. Mimi na wewe hatusikii kitu. Mimi ninacho, nilikinunua kwa chini ya dola 100, na nikipima mbwa wa ninayepanga naye nyumba anainua masikio ananitazama kama nimemtukana.

Jamani, huyu huyu mzee alianzisha pia kampuni nyingine ya ving'ora vya moto. Ving'ora vya kawaida vinalia kwa sauti nyembamba, kama 3,100 Hz, na wazee wetu masikio yao hupoteza kwanza sauti nyembamba. Nyumba inaungua, babu amelala. Kifaa cha kampuni hiyo kinakisikia king'ora cha kawaida, halafu chenyewe kinalia kwa sauti nzito, 520 Hz, babu anaamka. Mimi ninayelea wazee usiku kucha nawaambia hilo ni kweli tupu, ukimwita bibi kwa sauti ya kitoto hageuki, ukinguruma kama mnadi samaki wa feri anakujibu.

Tuendelee. Mwishoni mwa 2012 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilikiruhusu kifaa kwa maagizo ya daktari. Mwaka 2014 ikaruhusu kiuzwe bila cheti cha daktari, na mwaka huo huo ikaridhia programu yake itambue tatizo la vyumba vya juu vya moyo kutetemeka badala ya kupiga sawasawa. Tatizo hilo linaongeza hatari ya kiharusi kama mara 5, na wengi wanalo bila kujijua. Lakini msinielewe vibaya, mwenyewe anayekiuza anasema hakitambui shambulio la moyo. Kifua kikikubana, hapana kuchezea simu, nenda hospitali.

Mwaka 2017 kampuni ikaruhusiwa kuuza mkanda wa saa ya Apple unaopima ECG. Mwaka uliofuata Apple wakatoa saa yenye ECG ndani yake. Mkanda ukafa sokoni, na AliveCor wakaifungulia Apple kesi.

Hapa sasa wale mnaodhani hataza ni kinga ya mganga, sogeeni. Desemba 2022 tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani iliamua kwamba Apple wameingilia hataza za AliveCor, na ikaamuru saa husika zizuiwe kuingizwa nchini, ingawa amri ilisimamishwa kwanza. Ushindi, siyo? Lakini wiki chache kabla, Desemba hiyo hiyo, bodi ya ofisi ya hataza yenyewe ilikuwa imeshasema hataza hizo hizo hazifai, kwamba kilichomo kingeweza kufikiwa na fundi yeyote mwenye ujuzi wa kawaida. Ofisi iliyokupa hati ndiyo inakunyang'anya. Machi 2025 mahakama ya rufaa ikakubaliana na bodi, amri dhidi ya Apple ikaanguka. Miaka zaidi ya minne ya mawakili. Kampuni ipo, inauza vifaa, lakini huo ugomvi ilishindwa.

Mimi binafsi nadhani bado alifanya vizuri kupeleka karatasi. Bila karatasi asingeingia hata kwenye chumba cha kesi.

Basi mdogo wangu wa Mbeya. Kwanza, kabla hujatoa hata shilingi, ingia Google Patents, ule ukurasa wa Google wa kutafutia hataza, utafute vifaa vya dripu. Vipo vingi, na ukivisoma utajua chako kinatofautiana wapi, au hakitofautiani. Pili, nenda BRELA, ndiyo wanaopokea maombi ya hataza Tanzania bara. Ndugu zangu wa Zanzibar mna BPRA yenu. Kuna pia ARIPO kule Harare, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika, ombi moja unataja nchi kadhaa wanachama. Klipu yako nimeifuta kwenye simu yangu, na wale jamaa wa grupu uliowatumia waambie wafute pia, wasiibandike popote.

Ukishapata namba ya maombi, nitumie klipu upya hata kama huku ni usiku wa manane. Nitairusha siku hiyo hiyo.

Halafu ule mlio wake ushushe. Ni mwembamba mno. Anayekaa na mgonjwa usiku mara nyingi ni mama mzima amejikunja kwenye benchi na khanga usoni, na huo hatausikia.