Mkuu Mkali, Msaidizi Mpole: Mhadhara kuhusu Haiba na Mawasiliano Kazini

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakurugenzi, maofisa utumishi na wafanyakazi wenzangu, asanteni kwa kunialika. Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie aina za haiba na jinsi watu wenye haiba tofauti wanavyowasiliana kazini. Nitafanya hivyo, ila nawaomba radhi mapema waliotarajia kuondoka hapa na jedwali la kuwagawa watumishi wao katika mafungu manne, kwa sababu sina jedwali hilo, na hata ningekuwa nalo nisingewapa.

Hamu ya kuwagawa watu kwa mafungu ni ya kale. Galen, tabibu wa Kiyunani aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, alifundisha kwamba mwili hutawaliwa na majimaji manne, nayo ni damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba mchanganyiko wake ndio unaompa mtu tabia yake. Elimu hiyo ilipitia kwa matabibu wa Kiarabu hadi ikafika mwambao wetu. Mwaka 1921 Carl Jung, tabibu wa akili wa Uswisi, akachapisha kitabu kilichotofautisha watu wanaoelekea nje, kwa wenzao, na wanaoelekea ndani, kwenye mawazo yao, na kutokana na mawazo yake mama na binti wa Kimarekani, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, wakatunga dodoso linalompa kila anayelijaza herufi nne za kutaja aina ya haiba yake, na ambalo hadi leo huuzwa kwa makampuni. Kasoro yake inajulikana: wengi wakilijaza tena baada ya wiki chache hupata herufi tofauti, kwa kuwa watu wengi wako kati kwa kati, na dodoso huwalazimisha wasimame upande mmoja. Watafiti wa sasa hupima viwango vya sifa tano za haiba, kama uchangamfu na uangalifu, bila kumbandika mtu jina, na hilo ni afadhali. Hata hivyo, vipimo hivyo havimjibu msimamizi swali linalomkabili hasa, yaani kwa nini mtu anayeiona hatari hunyamaza.

Swali hilo limechunguzwa kwa kina zaidi katika usafiri wa anga, kwa sababu ndege ikianguka kinasa sauti hutafutwa, na maneno ya marubani husikilizwa upya sekunde baada ya sekunde. Ofisi zetu zingekuwa na kinasa sauti cha namna hiyo, nadhani wengi wetu tungeona haya.

Jioni ya tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United Airlines, safari namba 173, ilizunguka karibu na Portland, Marekani, kwa takriban saa nzima huku rubani mkuu akishughulikia hitilafu ya magurudumu. Wenzake wawili waliona mafuta yakipungua na wakayataja, lakini waliyataja kama taarifa ya kawaida, pasipo yeyote kusema bayana kwamba wasipotua wakati ule wataanguka. Injini zilizimika kabla ya kuufikia uwanja, na kati ya watu 189 waliokuwamo, 10 walifariki. Wachunguzi walimlaumu rubani mkuu kwa kutofuatilia mafuta, kisha wakaongeza kwamba wenzake ama hawakutambua uzito wa hali ile, ama walishindwa kuufikisha kwake. Mwaka uliofuata NASA, shirika la anga la Marekani, likaitisha warsha juu ya mambo haya, na kuanzia 1981 United ikawa inawafundisha marubani wake namna ya kusemezana.

Afrika Mashariki tunayo ajali yetu katika somo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, iliondoka Douala, Kamerun, kuelekea Nairobi wakati hali ya hewa ikiwa ya dhoruba, na muda mfupi baadaye ikaanguka katika kinamasi cha mikoko. Watu wote 114 walikufa. Uchunguzi wa Kamerun, uliotolewa mwaka 2010, ulieleza kwamba rubani mkuu alidhani mtambo wa kujiendesha umeshika usukani, kumbe haukuwa umeshika, na kwa karibu dakika nzima ndege ikawa inalala polepole upande wa kulia gizani bila yeyote kuirekebisha. Rubani mkuu alikuwa na umri wa miaka 52 na msaidizi wake miaka 23. Ripoti haikuishia kwenye mitambo. Ilimtaja mkubwa kuwa mtu mwenye nguvu ya tabia, anayewatawala walio chini yake, na mdogo kuwa mtu wa kujizuia, asiyejitokeza kusema. Maneno ya kijana yule ya kumwelekeza mkuu wake ageuzie upande upi yalitoka mwishoni kabisa, nayo yalitoka kwa kujichanganya.

Msomaji wa haraka atasema basi, mmoja alikuwa mkali na mwingine mpole, jambo limekwisha. Mimi naona hapo ndipo linapoanza. Sioni sababu ya kudhani kwamba kijana yule alikuwa mkimya hivyo hivyo mbele ya rika lake. Upole wake ulikuwa na maana mbaya katika kiti kile, kando ya mtu yule, chini ya cheo kile. Kwa hiyo msimamizi anayetaka kuzijua haiba za watumishi wake aache kuwapima mmoja mmoja kwenye karatasi, na badala yake atazame nani ananyamaza mbele ya nani.

Tuje ofisini kwetu. Mhasibu aliyeajiriwa karibuni ameona kwamba jumla katika hati ya malipo haiwiani na risiti. Anamwendea mkuu wa idara, anaamkia, kisha anasema: “Samahani mkuu, sijui kama umeshaiona ile hati ya malipo.” Mkuu anajibu: “Nimeiona, leo nasaini.” Mhasibu anasema sawa na kuondoka. Yeye ataapa kwamba alisema, na mkuu wake ataapa kwamba hakuambiwa kitu, na wote wawili ni wakweli. Mkuu alisikia kijana anayemharakisha.

Sasa sikilizeni namna nyingine: “Shikamoo mkuu. Nina wasiwasi na jumla ya ukurasa wa pili, imezidi risiti tulizonazo. Naomba tusisaini mpaka nizilinganishe, nitamaliza kabla ya saa nane.” Heshima haijapungua hata kidogo. Kilichoongezeka ni vitu vitatu: tatizo limetajwa, hatua imeombwa na muda umetolewa. Marubani hufundishwa kupanda ngazi ya aina hii: kuuliza kwanza, kisha kutahadharisha, kisha kupinga, na mambo yakifikia ukingoni kuchukua hatua. Anayesema hatuwezi kulifanya hilo kwa sababu ya desturi zetu za kuheshimu wakubwa anazisingizia desturi. Lugha yetu ina maneno mengi ya adabu yasiyoficha jambo.

Upande wa pili nao una haki yake. Yupo mtumishi anayesema “hapana, hili haliwezekani” katikati ya kikao, na wenzake humwita jeuri, hali kwao ndivyo watu wanavyoongea. Msimamizi asimkate ulimi, bali amwonyeshe jinsi maneno hayo yanavyopokelewa. Kuhusu kundi la WhatsApp la ofisi ambamo kila tangazo hujibiwa “sawa mkuu”, sina la kusema zaidi ya kwamba hayo si mawasiliano.

Utaratibu mwema husaidia kuliko semina ya haiba. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani katika hospitali za miji minane, Ifakara ya hapa Tanzania ikiwemo. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliye chumbani hutaja jina lake na kazi yake, ili hata muuguzi mdogo awe ameshatoa sauti mara moja. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini Ontario, Kanada, orodha ilipoamriwa kwa hospitali zote, utafiti wa 2014 haukuona upungufu wa maana. Kwa maoni yangu, amri inaweza kumfanya mtu aweke alama za vema bila kusemezana na mwenzake, na karatasi ikajaa vizuri tu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wa maswali umefika. Kwa ruhusa yako ningependa walioajiriwa mwaka huu watangulie, na wakurugenzi wasubiri hadi wamalize.