Sultani Jalaluddin wa Bengal: Kiti, Dini na Nchi

Ndugu wasikilizaji, tukitaka kujua madaraka na dini vilivyokutana Bengal (leo Bangladesh na sehemu ya mashariki ya India) katika karne ya 15, tumtazame Sultani Jalaluddin Muhammad wa Pandua, mji mkuu wa Bengal enzi hizo. Wengi humtaja kama mtoto aliyesilimishwa kwa sababu ya kiti cha enzi, kisha wakaishia hapo. Mimi naona hapo ndipo habari inapoanza.

Baba yake, Raja Ganesha, alikuwa kabaila wa Kihindu aliyeinyakua dola mnamo 1415. Sheikh Nur Qutb Alam, sufii mkubwa wa Pandua, akamwandikia Sultani Ibrahim Sharqi wa Jaunpur, dola ya Kiislamu ya kaskazini mwa India, alete jeshi. Ganesha akaona mambo yamemzidi. Wakapatana: mwanawe, Jadu, asilimu na atawazwe kwa jina la Jalaluddin. Jeshi likarudi.

Mapatano hayakudumu, Ganesha akakirudia kiti. Mwaka 1417 na 1418 zilitoka sarafu za fedha za Danujamardana Deva, ambaye wanahistoria wengi wanasema ni Ganesha huyohuyo. Ziliandikwa kwa hati ya Kibengali, zikimtaja mfalme kuwa mtumishi wa miguu ya Chandi, mungu wa kike. Ganesha alipokufa, Jadu akashika tena kiti. Jeshi la Jaunpur halikuwapo tena mlangoni, naye alibaki Mwislamu.

Tena kwa dhati! Alirudisha shahada, yaani tamko la imani ya Kiislamu, kwenye sarafu, ambako haikuonekana kwa muda mrefu. Alimpelekea zawadi Sultani Barsbay wa Misri, naye akamtumia joho la heshima. Alijenga madrasa Makka, na mwaka 1430 akajiita Khalifa wa Mungu. Lakini sultani huyohuyo, mwaka 1421, alitoa sarafu yenye picha ya simba, na simba ndiye kipando cha Chandi. Siamini kwamba Mbengali wa siku zile aliitazama sarafu ile bila kuelewa.

Nendeni Pandua mkaone majengo mawili. Msikiti wa Adina, wa Sultani Sikandar, wa miaka ya 1370, ni mkubwa ajabu, umejengwa ili Delhi, dola iliyoshindana na Bengal, isikie. Kaburi la Eklakhi, linalosemekana kuwa la Jalaluddin, ni dogo: la matofali, lenye nakshi za udongo wa kuchoma, kuba moja, na ukingo wa paa uliopinda kama paa la kibanda cha mianzi cha mkulima wa Bengal. Ukingo ule ndio uliofuatwa baadaye katika misikiti mingi ya Gaur, mji mkuu uliofuata, hadi ukawa sura ya msikiti wa Kibengali.