Mshumaa, Kitambaa Cheupe na Nyumba Iliyoungua Mara Mbili

Ndugu zangu, kabla sijasema neno juu ya mwongozaji wa filamu na mpigapicha wake, naomba tuzime taa za ukumbi. Zote, hata zile za mlangoni. Asanteni.

Huu hapa mshumaa mmoja. Nauwasha. Tulieni kidogo macho yazoee. Sasa mnaniona uso, shavu la huku likiwa na mwanga kuliko la kule, na walio mbele wanaona hata karatasi niliyoshika. Jicho hujirekebisha lenyewe bila kuombwa. Mkanda wa filamu haukuwa na huruma hiyo. Kwa miaka mingi, mwongozaji aliyetaka tukio la mshumaa aliuwasha mbele ya kamera, kisha taa kubwa ya umeme ikafichwa nyuma ya kabati, na watazamaji tukakubali yaishe.

Stanley Kubrick hakukubali. Katika Barry Lyndon, filamu ya mwaka 1975 ambayo kisa chake ni cha karne ya 18, alitaka vyumba vya usiku viangazwe kwa mishumaa peke yake, kama vilivyokuwa zama hizo. Lenzi za kawaida za sinema hazikuingiza mwanga wa kutosha kwa kazi hiyo. Yeye na mpigapicha wake, John Alcott, wakatumia lenzi za Zeiss za milimita 50 zenye uwazi wa f/0.7 (namba hiyo ikiwa ndogo, mwanga huingia mwingi), ambazo asili yake zilitengenezwa kwa ajili ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Kioo cha nyuma cha lenzi ile hukaa milimita chache tu kutoka kwenye mkanda, kwa hiyo haikuingia kwenye kamera yoyote hivi hivi. Ed DiGiulio, fundi wa kamera, alilazimika kuikata na kuichonga upya kamera ya Mitchell ili iipokee. Maabara nayo ikausafisha mkanda kwa namna ya kuufanya kama una wepesi wa kuitikia mwanga mara mbili, kutoka kasi ya 100 hadi 200, na mishumaa ikatengenezwa yenye tambi tatu tatu ili ing'ae zaidi.

Mwanga ukapatikana. Sasa sikilizeni bei yake, maana hiyo bei ndiyo iliyonileta hapa leo.

Lenzi ikifunguliwa kiasi hicho, sehemu inayoonekana kwa ukali huwa nyembamba mno. Mkiniwekea fokasi, yaani ukali wa picha, kwenye jicho, sikio limekwisha potea. Nikiinama kusoma karatasi hii, nimetoka kabisa. Mimi nilishika fokasi kwa miaka minne kabla sijaruhusiwa kupanga taa hata moja, na najua kiganja kinavyolowa jasho mwigizaji anaposogea inchi mbili ambazo hamkuzizungumza kwenye mazoezi. Kwa Kubrick kazi hiyo ilikuwa ya Doug Milsome. Alifungiwa kamera ya video pembeni, ikimtazama mwigizaji kwa ubavu, ili asome kwenye skrini amesogea mbele au nyuma kiasi gani. Waigizaji nao wakaombwa watulie. Tazameni tena yale matukio ya kucheza karata: macho yanazunguka, vidole vinasogea, viwiliwili vimetulia kama vimechorwa. Ni watu waliobanwa na adabu zao wenyewe, na kisa kinawahitaji wawe hivyo hivyo. Lenzi ilidai utulivu, na filamu ilikuwa na mahali pa kuuweka utulivu huo.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya mwongozaji na ya mpigapicha inapokutana. Mwongozaji anakuja na anachokitamani. Mpigapicha anayestahili jina hilo humtajia kitakachopotea ili kile kipatikane, na humtajia mapema, kabla seti haijapigwa msumari wa kwanza. Kisha wanatazamana na kuulizana kama kisa kinaweza kubeba hasara hiyo. Nimeshiriki filamu ambayo swali hilo halikuulizwa. Tulikuwa na vifaa vya kutosha, na hatukupata picha hata moja ninayoikumbuka kwa furaha.

Msiwashe taa bado. Chukueni simu zenu, washeni tochi, mmulikeni jirani usoni, kwa upole. Mnaona kivuli cha pua kilivyokatika kama kwa kisu? Sasa geuzeni tochi, mulikeni ile karatasi nyeupe ya ratiba mliyopewa, mwanga uruke kutoka kwenye karatasi umrudie jirani. Kivuli kimelainika. Uso umekuwa uso.

Mwaka 1956 Satyajit Ray, mwongozaji wa India, alikuwa anatengeneza filamu ya Aparajito. Alihitaji nyumba ya mji wa Benares yenye ua wa ndani ulio wazi juu, ambamo mwanga hushuka kutoka mbinguni bila kuegemea upande wowote. Kwa kuhofia mvua za msimu, ua ukajengwa ndani ya studio huko Calcutta. Mpigapicha Subrata Mitra aliumia sana kwa uamuzi huo. Aliamini taa za studio haziwezi kuiga anga, kwa kuwa kila taa huacha kivuli chake, na ua wenye vivuli vitatu unajulikana mara moja kuwa ni wa uongo. Alipoona hawezi kuwabadilisha mawazo, akatandaza kitambaa cheupe juu ya ua wote na kuzielekeza taa kwenye kitambaa, mwanga ukaruka na kushuka. Ni hicho mlichofanya sasa hivi kwa karatasi. Huyu ni kijana ambaye miaka michache nyuma, alipoanza Pather Panchali, filamu ya kwanza ya Ray, akiwa na umri wa miaka 21, hakuwa amewahi kuendesha kamera ya sinema. Nampenda Mitra kwa sababu alibishana kwanza, kisha akaitafutia dawa hasara ambayo hakuichagua yeye.

Haya, washeni taa.

Mwongozaji Terrence Malick na mpigapicha Néstor Almendros, katika Days of Heaven ya mwaka 1978, walilipa kwa muda. Sehemu kubwa ya filamu waliipiga jua likiwa limeshazama na anga ikiwa bado na nuru, nafasi ya dakika 20 hivi, 25 ikizidi sana. Hebu fikirini: kikosi kizima kinashinda kutwa kikijiandaa kwa dakika hizo. Na Almendros macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Msaidizi alimpigia picha za Polaroid, zinazotoka papo hapo, za kila tukio, naye akazichunguza kwa miwani mikali kabla ya kurekebisha chochote.

Katika 1917, filamu ya vita ya mwongozaji Sam Mendes na mpigapicha Roger Deakins, iliyotoka mwaka 2019, filamu yote inaonekana kama shoti moja isiyokatika, yaani kama kamera haikuzimwa. Bei ikawa mkasi: huwezi kufupisha tukio kwenye uhariri. Waigizaji walitembea uwanjani wakisema maneno yao huku watu wakichomeka vigingi ardhini, na mahandaki yakachimbwa baadaye kwa urefu wa mazungumzo. Jua likitoka, walifanya mazoezi. Wingu likirudi, walipiga, ili mwanga ufanane kutoka shoti hadi shoti.

Nimalizie na mwongozaji Andrei Tarkovsky na mpigapicha Sven Nykvist, kisiwani Gotland, Sweden, kwenye filamu The Sacrifice ya mwaka 1986. Kuna tukio ambalo nyumba inateketea huku watu wakikimbia huku na huko, shoti moja ndefu. Nykvist hakuridhika na kutegemea kamera moja. Tarkovsky akashikilia moja. Moto ukawashwa, nyumba ikashika, na katikati ya tukio kamera ikakwama. Hakuna mtu anayeweza kuzima nyumba iliyokwisha shika na kuianza upya. Ikaungua yote mbele yao.

Ikajengwa nyingine kwa muda wa wiki mbili hivi. Safari hii kwenye reli ziliwekwa kamera mbili, sambamba. Nina shoti hiyo hapa kwenye projekta. Nitaiweka bila maelezo, na naomba macho yenu yawe kwenye paa, upande wa kulia.