Siku Moja kwenye Ngome ya Mombasa: Mhadhara kwa Wasafiri wa Goma

Mama na baba, ndugu wafanyabiashara, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma, karibuni na asanteni kwa kufika.

Bidhaa nyingi zinazouzwa Birere na katika soko la Virunga zilishushwa melini Mombasa, zikapanda lori hadi Malaba na Kampala, ndipo zikatufikia hapa. Kwa hiyo si ajabu kwamba wengi mliomo ukumbini mmekwisha kufika Mombasa, au mnajiandaa kwenda. Mtu anafuata kontena yake bandarini Kilindini, transitere, yaani wakala wake wa forodha, anamwambia karatasi za duane zitatoka kesho, naye anashinda hotelini akitazama simu. Ninawaomba siku hiyo muipeleke upande wa pili wa kisiwa, kwenye ngome ya kale ya Wareno iitwayo Fort Jesus, na nitawaeleza namna ya kuitembelea ili mtoke mmeelewa mlichokiona.

Nasema hivyo kwa sababu wageni wengi huingia ngomeni na kutoka bila kuiona. Wanapita langoni, wanapiga picha kando ya mzinga, wanakuta uwanja wenye magofu na jua la kuchoma, na kabla ya saa kuisha wako nje wakiuliza pa kunywa soda. Kosa lao ni kuanzia ndani. Ngome ilijengwa kwa ajili ya adui aliye nje, na kila pembe yake ina maana ukiitazama kutoka pale adui aliposimama.

Kwanza, saa. Milango hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Sisi wa Goma tunaishi karibu mita 1,500 juu ya bahari na tumezoea upepo wa Kivu. Kule mtakuwa usawa wa bahari, kwenye joto lenye unyevu, na uwanja wa ngome una kivuli kidogo sana. Fikeni saa mbili. Mtu na lita moja na nusu ya maji, kofia, na viatu vyenye soli inayoshika, maana mawe yamelainika kwa miaka mingi ya kukanyagwa na huteleza mvua ikinyesha. Aprili na Mei ndiyo miezi ya mvua kubwa pwani.

Kufika ni rahisi. Kutoka katikati ya mji mwambie dereva wa tuktuk akupeleke Fort Jesus kupitia barabara ya Nkrumah, na mpatane bei kabla hujakaa. Paspoti iwe mkononi: bei za kuingia zinatofautiana kwa raia wa Kenya, watu wa Afrika Mashariki na wageni wa mbali, na Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Onyesha paspoti kabla ya kulipa, si baada ya kupewa risiti. Jiandaeni pia kulipa kwa simu. Laini ya hapa Goma usiitegemee. Nenda na mtu mwenye laini ya Kenya, au umwombe transitere wako akulipie umrudishie taslimu.

Sasa msiingie bado. Baki nje, upande wa nchi kavu, utazame handaki. Halikuchimbwa kwenye udongo, lilichongwa katika mwamba wa matumbawe. Sehemu ya chini ya ukuta ni mwamba wenyewe uliokatwa wima, na juu yake ndipo wajenzi walipoanza kupanga mawe kwa chokaa. Sisi tunaojenga kwa mawe meusi ya volkano tunajua jinsi yanavyokataa nyundo. Matumbawe ni laini yakitoka ardhini, yanachongeka, kisha hukauka na kuwa magumu, na yale yale yakichomwa hutoa chokaa. Jiwe na chokaa yake vilipatikana papo hapo, na hilo linasaidia kueleza jinsi kazi kubwa namna hii ilivyofanywa kati ya 1593 na 1596.

Aliyeichora ni Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Wareno aliyekuwa Goa kule India. Wakati huo Ureno ilikuwa chini ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ndiye aliyeamuru ijengwe. Wareno walitaka kuishika bandari, yaani ile bandari ya zamani upande wa mashariki, ambako majahazi yalitia nanga. Kilindini, mnakopokea kontena zenu, ni upande wa magharibi na ilikuja kuwa bandari kuu baadaye sana.

Pembeni kuna buruji nne, yaani ngome ndogo za pembeni za kuwekea mizinga, zilizochomoza. Mbili zinatazama nchi kavu, São Filipe na São Alberto. Mbili ziko upande wa bahari, São Matias karibu na lango, na São Mateus. Simama handakini, mkabala wa ukuta ulio kati ya zile mbili za nchi kavu. Ukuta ulionyooka peke yake una udhaifu: adui akifika chini yake kabisa, aliye juu hawezi kumpiga bila kujitokeza nje. Sasa geuza kichwa kulia, kisha kushoto. Kila buruji ina shavu lililorudi ndani, na mizinga iliyofichwa hapo hupiga sambamba na ukuta, ubavuni mwa anayejaribu kupanda. Hakuna pa kujificha. Watu husema ngome hii ina umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kikiwa upande wa bahari, na ukiitazama ramani ni kweli. Lakini umbo hilo limetokana na hesabu ya mizinga. Dakika ishirini za kusimama hapa zina faida kuliko saa nzima ndani. Shirika la UNESCO liliiweka ngome hii katika urithi wa dunia mwaka 2011, na ubunifu huu ni mojawapo ya sababu za uamuzi ule.

Langoni inua macho. Kuna maandishi ya Kireno ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome mwaka 1635 akiwa na miaka 27, akijisifu kwamba aliijenga upya na kuwaadhibu watu wa pwani. Ili umwelewe, lazima umjue Yusuf bin Hasan. Baba yake alikuwa sultani chini ya Wareno, akauawa. Mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kutawala Mombasa. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni na kuitwaa. Kikosi kilichotoka Goa kilishindwa kumtoa. Mwaka uliofuata aliondoka mwenyewe kwa meli. Kuta zilikuwa imara siku ile, mlango ulikuwa wazi kwa mtu waliyedhani ni wao.

Ndani, mchukueni mwongozaji mwenye kitambulisho, na mpatane bei na muda mapema. Kisha muombeni awapeleke kwenye maji kwanza, kabla ya mizinga. Kuna birika la Wareno la kukinga mvua, na kuna kisima kirefu kilichochimbwa na Waarabu baadaye, ambacho maji yake ya chumvi yalifaa kuogea tu. Hapo ndipo uzito wa mazingiwa ya 1696 unapoonekana.

Meli za Oman ziliingia bandarini Machi 1696 kuwazingira Wareno. Ngome ilishikilia hadi Desemba 1698, miezi 33. Ndani walikuwamo askari wachache wa Kireno, na watu wengi wa pwani waliokuwa upande wao, wanawake na watoto wakiwemo. Maradhi na njaa viliwamaliza kuliko risasi. Mwaka 1697 Wareno walikwisha kiasi kwamba kwa majuma kadhaa ngome ililindwa na Sheikh Daud wa Faza pamoja na jamaa zake na Waafrika waliobaki, wengi wao wanawake waliokamata bunduki. Jambo hili halipewi nafasi inayostahili, na ninawasihi mwulize mwongozaji habari zake. Msaada ulikuja kutoka Goa, lakini meli moja, Santo António de Tanná, ilizama pale pale mbele ya ngome mwaka huo huo. Waoman walipoingia hatimaye walikuta watu wasiofika ishirini. Siku chache baadaye meli nyingine za msaada zilitokea, zikaona bendera ya Oman, zikageuza.

Mabaki ya Santo António yalichimbuliwa na wapiga mbizi kuanzia 1977 hadi 1980, na vitu vilivyotolewa vimo katika makumbusho ya ndani. Humo pia kuna vyombo vya udongo na kaure za China, ushahidi wa biashara ya pwani. Tafuteni michoro ya ukutani iliyofanywa na askari wa Kireno, nyeusi na nyekundu, yenye meli na watu. Msiiguse hata kwa kidole, mafuta ya ngozi huiharibu. Nyumba ya Waoman juu ya buruji ya São Filipe ina vito na silaha. Upande wa bahari kuna Njia ya Matao, upenyo uliokatwa katika mwamba kuelekea majini, ambako chakula na watu waliingizwa. Ina ubaridi, pumzikieni hapo jua likifika utosini.

Kuhusu Waingereza nitasema kwa ufupi. Mwaka 1875 manowari zao ziliipiga ngome mizinga ili kumtoa Al-Akida, kamanda wa ngome aliyemwasi Sultani Barghash wa Zanzibar. Kuanzia 1895 wakaifanya jela hadi 1958, kisha ikawa makumbusho. Ukiona ukuta usiofanana na jirani yake, uliza umejengwa zama zipi.

Saa tano na nusu mnaweza kutoka. Ng'ambo ya barabara kuna mahakama ya zamani ya 1902, leo ni ukumbi wa maonyesho. Kisha ingieni Mji wa Kale kupitia Ndia Kuu, mkatazame milango ya kuchonga na msikiti wa Mandhry uliojengwa mwaka 1570. Ni mji wa watu wanaoishi, tena Waislamu: mabega na magoti yafunikwe, na msipige picha ya mtu bila ruhusa. Ijumaa adhuhuri msipange kuzunguka misikitini. Chakula kipo njiani, viazi karai, mahamri kwa mbaazi, kahawa chungu.

Anayelala Likoni aondoke kabla ya saa kumi, maana feri jioni hujaa watu wanaotoka kazini. Na transitere mpigieni saa sita mchana, mkiwa bado mjini, ili kama karatasi zimetoka mpate muda wa kuvuka kisiwa kwenda Kilindini kabla ofisi hazijafungwa.

Nakaribisha maswali. Tuanze na mama aliye hapa mbele.