Diski mbili, UUID moja: jinsi ya kuigundua na kuibadilisha kabla data haijapotea

Habari zenu mafundi, wanafunzi na nyote mnaotufuatilia kutoka Kampala, Mbale, Arua na kwingineko. Leo tunashika kazi ambayo wengi huiacha nusu. Umekloni diski, yaani umeinakili nzima kama ilivyo, kloni imefunguka vizuri, umefurahi, ukaiacha imechomekwa kwenye kompyuta ileile pamoja na diski ya asili. Hapo ndipo data hupotea, tena kimyakimya.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mfumo wa mafaili (mpangilio wa kuhifadhi mafaili kwenye diski) unapotengenezwa kwenye Linux hupewa UUID, namba ya utambulisho ya biti 128 inayoandikwa kwa alama 32 zilizotenganishwa na vistari vinne. Linux ya siku hizi haitegemei majina ya diski kama sda na sdb, kwa sababu hayo hubadilika kulingana na diski iliyoonekana kwanza kompyuta inapowaka. Inategemea UUID. Fungua faili la /etc/fstab, linaloorodhesha mifumo ya mafaili ya kufunguliwa, utaiona pale, na GRUB, programu inayowasha mfumo, nayo huitumia kutafuta mfumo wa kuwasha. UUID mbili kufanana kwa bahati tu hakutokei. Ukikuta zimefanana, jua kuna mtu alinakili. Amri ya dd hunakili baiti kwa baiti, UUID ikiwemo. Clonezilla, programu ya kukloni, nayo huihamisha, na ukinakili faili la diski ya mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine) matokeo ni yaleyale. Ni sawa na bodaboda mbili kutembea na namba moja ya usajili: kosa likiandikwa, nani atalipa?

Chukua sacco yenye kompyuta moja ya hesabu. Fundi amekloni diski kwenye SSD ya nje iwe akiba, akaiacha imechomekwa. Sasa, ndani ya /dev/disk/by-uuid, folda ambamo Linux hutafutia diski kwa UUID, kila UUID ina nafasi ya kiungo kimoja tu, na diski zikiwa mbili huwezi kujua mapema kitaelekea ipi. Asubuhi moja mfumo unafunguka kutoka kwenye akiba. Karani anaingiza marejesho ya mikopo kutwa nzima, yote yanaandikwa kwenye akiba. Jioni akiba inachomolewa ikafungiwe kabatini. Kesho yake kompyuta inawaka na diski ya asili, na marejesho ya jana hayapo. Hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Mama wa watu ana risiti mkononi, kompyuta inasema hajalipa.

Twende kazini. Hatua ya kwanza ni kutazama tu, hatugusi kitu. Fungua terminali uandike:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,UUID,SERIAL,MOUNTPOINT

Hapa kwenye skrini yangu tazama sda2 na sdb2, yaani partisheni (sehemu) ya pili ya kila diski: zote ni ext4, aina moja ya mfumo wa mafaili, na UUID ni moja kuanzia alama ya kwanza hadi ya mwisho. Sasa angalia safu ya SERIAL kwenye mistari ya sda na sdb. Hiyo ni namba ya kiwandani, iko pia kwenye stika ya diski, na kukloni hakuihamishi. Chukua kalamu uandike: namba hii ni ya asili, hii ni ya kloni. Usiruke hapa. Ukichanganya diski katika hatua hii, kila kitakachofuata utakifanyia diski isiyo yake.

Kama diski ni nyingi, amri hii itakutolea UUID zilizojirudia peke yake:

lsblk -rno UUID | grep . | sort | uniq -d

Tahadhari: diski zilizounganishwa kwa RAID zifanye kazi kama moja, au Btrfs (aina nyingine ya mfumo wa mafaili) iliyotandazwa juu ya diski kadhaa, huonyesha UUID moja kwa makusudi. Hizo ziache zilivyo.

Hatua ya pili, zima kompyuta kabisa, chomoa diski ya asili, halafu washa kwa flashi ya Ubuntu kloni ikiwa peke yake. Kama ya asili haichomoki, peleka kloni kwenye kompyuta nyingine. Najua wapo wanaofanya kazi hii diski zote mbili zikiwa zimechomekwa. Mimi siikubali njia hiyo kwa data ya mteja, kwa sababu kosa la herufi moja kati ya sda na sdb linatosha kuharibu.

Hatua ya tatu, rudia lsblk, hakikisha namba ya kiwandani ni ya kloni, halafu badilisha UUID kulingana na aina ya mfumo wa mafaili. Kwenye mfano huu kloni bado ni sdb. Kwa ext4:

sudo umount /dev/sdb2
sudo e2fsck -f /dev/sdb2
sudo tune2fs -U random /dev/sdb2

Amri ya kwanza ikikujibu kwamba haijafunguliwa, ni sawa, endelea. Ile ya katikati usiiache, maana tune2fs inaweza kukataa kazi kama mfumo haujakaguliwa.

XFS, aina nyingine ya mfumo wa mafaili, ina nidhamu nzuri: ikiona UUID ambayo tayari imefunguliwa, inakataa kufungua ya pili. Watu wengi hukimbilia chaguo la nouuid, linaloiambia XFS isijali UUID. Linafaa kuokoa mafaili ya haraka, lakini namba inabaki ileile. Dawa ni:

sudo xfs_admin -U generate /dev/sdb2

Btrfs ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, na hapa naomba usikivu. Imeundwa iweze kutumia diski kadhaa kama mfumo mmoja, na inazijua diski zake kwa UUID. Ikiona kloni, inaweza kuidhani ni diski ileile iliyoonekana mahali pengine, na maandishi yakaenda upande usiotarajiwa. Yakichanganyika, mfumo mzima unaweza kukataa kufunguka, wa asili na kloni yake. Si lazima uifungue kloni; kuonekana tu na kompyuta tayari ni hatari. Snapshoti (nakala ya papo hapo) ya LVM, mfumo wa kugawa diski, yenye Btrfs ndani ni mtego huohuo. Snapshoti za Btrfs yenyewe hazina shida, tumia bila hofu. Kubadilisha:

sudo btrfstune -u /dev/sdb2

Amri hii huandika upya metadata yote (taarifa za mfumo kuhusu mafaili), kwa hiyo diski kubwa huchukua muda. Unganisha UPS, au hakikisha betri ya laptopu imejaa. Umeme ukikatika katikati, usiufungue mfumo. Rudia amri ileile iendelee pale ilipoishia.

Kwa swapu, sehemu ya diski inayosaidia RAM, itengeneze upya kwa mkswap, itapata UUID mpya. Namba za GPT (jedwali la mgawanyo wa diski) za diski na partisheni zake badilisha kwa mkupuo:

sudo sgdisk -G /dev/sdb

Kama kloni ni akiba ya data tu, umemaliza. Kama unataka iwashe kompyuta, fungua fstab iliyo ndani ya kloni, uweke UUID mpya, kisha utengeneze upya faili la GRUB. Bila hivyo kloni itaendelea kutafuta namba ambayo haipo tena.

Wa Windows: diski mbili za MBR (mgawanyo wa diski wa zamani) zenye sahihi moja, yaani namba moja ya utambulisho wa diski, zikikutana, ya pili huzimwa na mfumo. Usikimbilie kubonyeza Online. Windows itaiandikia sahihi mpya, na kloni uliyoitayarisha kuwasha kompyuta inaweza kushindwa kuwaka.

Swali ninaloulizwa na walimu wa kompyuta: maabara ya shule ina mashine zilizotoka kwenye kloni moja, je, zitagombana? Kwa UUID za diski, hapana, kila diski ikikaa kwenye mashine yake. Zitagombana siku utakapochomoa moja na kuichomeka kwenye nyingine ili uokoe mafaili. Mtandao ndio utakaowasumbua mapema, hasa kwenye Ubuntu Server, ambako /etc/machine-id (faili lenye namba ya utambulisho ya mashine) ikifanana mashine mbili huweza kupewa anwani moja ya IP. Kwenye kila kloni andika:

sudo truncate -s 0 /etc/machine-id
sudo reboot

Ikiwaka itajitengenezea namba mpya. Andika ip a kwenye mashine mbili zilizokaa jirani, ulinganishe anwani zake.