Funga kabati kwanza, ndipo ushike sahani ya bibi

Assalam aleikum, hamjambo nyote. Mombasa, Tanga, Unguja, Bukoba, Bukavu, karibuni. Hapa ni sebuleni kwangu, Los Angeles, bonde la San Fernando, na hili nyuma yangu ndilo kabati mnaloniulizia kila nikirusha video. Swali lenu ni lile lile: unaishi kwenye nchi ya matetemeko, vipi umepanga vyombo vya bibi yako vimesimama wima namna hiyo? Jibu liko chini ya kila chombo, na leo nitavigeuza mvione.

Lakini kwanza mjue ninaishi juu ya nini. California imepitiwa na ufa mkubwa unaoitwa San Andreas. Upande wa baharini unasogea kuelekea kaskazini-magharibi, na ukiupima na upande wa bara ni kama sentimita 5 kwa mwaka. Lakini tetemeko lililoliumiza bonde hili halikutoka kwenye ufa huo. Lilitoka kwenye ufa mwingine uliojificha chini kabisa, ambao wataalamu hawakuwa wameuweka kwenye ramani zao. Ilikuwa tarehe 17 Januari 1994, saa 10 na dakika 31 alfajiri, ukubwa wa 6.7. Wanaliita tetemeko la Northridge. Mtikisiko mkali haukufika hata nusu dakika, na watu wapatao 60 walifariki. Majirani zangu wazee wakisimulia alfajiri ile huanza na sauti ya vioo gizani, kabla hata hawajafika kwenye nyufa za ukuta. Umeme umekatika, mtu anashuka kitandani pekupeku, na sakafu nzima ni vigae vya vioo vilivyovunjika. Ndiyo maana huku tunafundishwa kuweka viatu na tochi kando ya kitanda. Hilo liige leo leo, halina gharama.

Na msiniambie haya ni mambo ya huku. Watu wa Kagera wanaikumbuka tarehe 10 Septemba 2016, nyumba za Bukoba zilivyoanguka mchana kweupe. Bukavu, na Rusizi upande wa Rwanda, wanaikumbuka Februari 2008. Na usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, ndugu zangu wa Dar, si mlikimbilia nje? Lile lilitokea chini ya bahari, na Unguja na Mombasa pia walilisikia. Bonde la Ufa halijalala, na pwani yetu haiko mbali nalo kama tunavyodhani.

Hata tuliweke tetemeko kando. Nyumbani vyombo vingi vinavunjwa na upepo. Kaskazi inavuma, dirisha liko wazi, pazia linajaa, linaifagia chupa ya marashi pale kwenye dirisha, kwisha. Au mtoto anavuta ncha ya kitambaa cha meza. Au spika ya harusi imewekwa juu ya kabati lile lile lenye vyombo, basi usiku kucha sahani zinatembea taratibu mpaka ukingoni, na asubuhi anayefuta vumbi ndiye anayelaumiwa. Dawa ni ile ile moja kwa yote hayo.

Sasa tazameni hii hapa. Hii ni jagi ya maua, kitako chake sentimita 10, urefu wake sentimita 40. Chukua upana wa kitako, gawanya kwa urefu: unapata robo. Maana yake, ardhi ikisukuma kwa ubavu kwa nguvu inayozidi robo ya ile inayovuta vitu chini, chombo hiki kinaanza kuyumba juu ya ukingo wake. Na hapo nimechukulia uzito wake uko katikati. Cha tumbo kubwa juu na mguu mwembamba kinaanza mapema zaidi. Mwaka ule wa 1994, kifaa kimoja cha kupimia mtikisiko pale Tarzana, hapa hapa bondeni, kilipima karibu mara 1.8 ya ile nguvu inayovuta vitu chini. Siyo robo. Mara moja na zaidi ya robo tatu. Kwa hiyo mtu akisema "langu zito, halianguki", mwambie apime kitako.

Watu wakishasikia hivi hukimbilia kununua nta ya kunatisha. Ngojeni. Chombo kikinata kwenye rafu, na rafu iko ndani ya kabati lisiloshikwa na chochote, umefanya nini? Kabati litalala kifudifudi na kila kitu ndani yake, na likimkuta mtoto chini, hapo hatuzungumzii sahani tena. Mimi kwa hili sina upole: usishike chombo hata kimoja kabla hujafunga kabati ukutani.

Njooni karibu na kamera, huku nyuma, juu. Mnaona kanda mbili za nailoni? Kila moja imefungwa kwa skrubu kwenye mbao nene ya kabati. Siyo kwenye ile plaiwudi nyembamba ya mgongoni, hiyo inang'oka na skrubu yake. Upande wa pili umeingia kwenye nguzo ya mbao iliyo ndani ya ukuta, maana kuta za huku ni bodi za jasi, tupu katikati. Nguzo unaitafuta kwa sumaku: ikivutwa na vichwa vya misumari, umeifikia. Nyinyi nyumbani mna bahati. Ukuta wa tofali au wa mawe ya matumbawe, fundi anatoboa kwa drili, anatia plagi ya plastiki, anakaza engo ya chuma kwa skrubu ndefu. Mwambie atoboe ndani ya jiwe au tofali lenyewe, asitoboe kwenye lipu wala kwenye kiungo cha chokaa. Kwenye nyumba kongwe za Mji Mkongwe na Lamu lipu ni nene, inamdanganya fundi.

Milango ya kabati nayo. Ile sumaku ndogo ya kufungia haitoshi, mlango unafunguka kwa mtikiso wa kwanza. Weka komeo, au kile kifungo cha kuzuia watoto. Kioo nimekibandika karatasi ya plastiki angavu, ili kikivunjika vigae visitawanyike. Vizito vyote chini: masinia, sufuria za shaba, kinu. Juu vikae vyepesi.

Haya, sasa chombo.

Hii ni bakuli ya bibi, ya bluu na nyeupe. Naigeuza. Hapa chini pana duara lisilong'aa, ndio mguu wake. Kwanza nimelifuta kwa kitambaa kikavu, vumbi lote litoke, pamoja na rafu yenyewe. Nta hii ndiyo wanayotumia kwenye majumba ya makumbusho. Inatokana na mafuta ya petroli, laini, haina rangi, na kikopo kidogo hakizidi bei ya chakula cha mchana. Nakata kidogo, nakisugua katikati ya vidole mpaka kipate joto, nakiviringa mpaka kiwe kama punje ya choroko. Naweka punje tatu kuzunguka mguu, kwa umbali sawa. Naiweka bakuli mahali pake, naikandamiza, naizungusha kidogo, hivi. Nta inatandazika, inashika. Sasa naisukuma kwa kidole juu ya ukingo. Mnaona? Haiyumbi. Sikutumia nguvu, na haikuchukua hata dakika.

Lakini nta ina mipaka yake. Usiitie chini ya chungu cha udongo mtupu, kile kisichopakwa rangi ya kung'aa: udongo unanywa mafuta, doa halitoki. Usiitie palipo na dhahabu au maua yaliyochorwa kwa mkono. Na chetezo unachochomea udi usikitie nta kabisa, makaa yataiyeyusha, na utakuwa umejiamini bure. Chetezo cha udongo mimi nimekitengenezea kiti cha mbao chenye ukingo, kimekaa humo. Chupa za kioo na mirashi ya kioo, vile vya kunyunyizia marashi, zina gundi yake angavu kama maji, ukitazama huioni. Na supaglu, tafadhali, iacheni dukani. Sahani iliyogandishwa kwa supaglu siku ya kuihamisha inaacha mguu wake kwenye rafu. Nta ya mshumaa nayo ikikauka inakatika, haishiki.

Jagi lile la kitako chembamba nimelitia mchanga ndani, theluthi moja, ndani ya mfuko wa kitambaa, ili uzito ushuke chini na mchanga usikwaruze. Wa pwani sikilizeni: mchanga wa ufukweni uoshwe kwa maji yasiyo ya chumvi mara kadhaa na ukauke kabisa. Chumvi ikibaki inavuta unyevu, unyevu unakula udongo. Sahani za ukutani zitundike kwenye ndoano iliyofungwa, ile ya wazi sahani inaruka ikatoka. Na juu ya kitanda usitundike chochote, hata picha ya harusi.

Wenye vitu vya thamani kubwa wanafanya nini? Hapa mjini kuna makumbusho ya Getty, na ile nyumba yao ya Getty Villa kando ya bahari yenye masanamu ya kale ya Wagiriki na Warumi. Kule masanamu makubwa yamesimamishwa juu ya vitako maalumu vilivyobuniwa na mafundi wao wenyewe: ardhi inakwenda na kurudi, sanamu linabaki karibu pale pale. Vile vidogo wanavishika kwa vyuma vyembamba vilivyokunjwa kufuata umbo la chombo, kwa mshipi wa nailoni, na kwa nta kama hii niliyoishika.

Nikiona hivyo nakumbuka kwetu. Nendeni Kunduchi, kwenye makaburi ya kale: bakuli za Kichina zilipachikwa ndani ya chokaa. Nendeni Lamu muone zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, safu kwa safu ndani ya ukuta wenyewe, kila chombo na chumba chake, kimezungukwa pande zote isipokuwa mbele. Sijui kabati gani la dukani linashinda kidaka kwa utulivu. Mwenye nyumba ya kale yenye zidaka, usizibe. Weka ukingo mdogo wa mbao mbele, tia punje tatu za nta, umemaliza.

Jambo moja la lazima. Ardhi ikianza kutikisika, usiende kushika chombo. Simu zetu huku zina programu inayoweza kulia sekunde chache kabla ya mtikisiko kufika, nayo ni ya kukupa nafasi uingie chini ya meza, ujifunike kichwa, ushike mguu wa meza mpaka kwishe. Vyombo umeshavifunga siku zote zile kabla. Tetemeko la Ridgecrest la Julai 2019, la 7.1, lilitufikia hapa taa zinabembea huku na huku, na mimi nilikuwa chini ya meza hii hii.

Na wanaouliza: siku ya kuhama je? Usivute juu, utavunja. Shika chini kabisa ya chombo, zungusha polepole mpaka nta iachie, ndipo unyanyue. Iliyobaki ichune kwa kipande cha kadi ya plastiki, kisha futa. Ikiwa ngumu kwa baridi, ipashe kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele. Nipigieni picha za makabati yenu, hasa upande wa nyuma, niandikieni ukuta ni wa nini, nitawajibu mmoja mmoja.