Mbali Si Ulinzi: Kobe Wakubwa wa Visiwani

Shikamooni wazee wangu. Wengine hamjambo? Ahsanteni kwa kuja. Najua waliotoka Kigamboni wamesota foleni ya pantoni jioni hii, tena kwa ajili ya kobe. Angalau mmefika kwa mwendo unaolingana na mada.

(Kicheko.)

Nianzie hukohuko Kigamboni. Tarehe 14 Desemba 2004, pale Kimbiji, kobe alitoka baharini akapanda ufukweni kwa miguu yake. Nasema kobe, sisemi kasa. Kasa bahari ni kwao, na watu wa Kimbiji wamewaona tangu utotoni. Huyu alikuwa na miguu minene kama vinu, mnyama wa nchi kavu, amekonda, na miguuni hadi chini ya gamba amegandwa na vile vidude vya magamba vinavyoota kwenye tumbo la jahazi lililokaa siku nyingi bila kukwanguliwa. Wataalamu wakavipima, wakakadiria kuwa alikuwa majini wiki sita hadi saba. Alikuwa kobe wa jamii ya Aldabra, kile kisiwa cha Shelisheli kilicho kilomita zipatazo 700 kutoka hapa.

Kobe si mwogeleaji. Huelea tu, shingo juu, mkondo ukampeleka unakotaka. Kinachomwokoa ni kwamba anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula wala kunywa, na ndivyo mababu zake walivyofika kwenye visiwa ambavyo simba wala chui hawakufika.

Uvumilivu huohuo ndio uliomponza. Mabaharia wa zamani, hasa wavuvi wa nyangumi, waligundua kwamba ukimpindua kobe chali ndani ya shehena, utamkuta hai miezi mingi baadaye. Nyama mbichi, bila barafu, bila kumlisha. Katika visiwa vya Galápagos pekee, vya nchi ya Ecuador, inakadiriwa walibebwa zaidi ya 100,000. Na katika bahari yetu hii, Mauritius, Réunion na Rodrigues kila kimoja kilikuwa na kobe wake wakubwa. Wote wamekwisha. Hakuna hata mmoja.

Aldabra ilibaki. Haina maji ya uhakika ya kunywa, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni mawe ya matumbawe yanayokata viatu. Leo kuna kobe wapatao 100,000, idadi isiyopatikana kisiwa kingine chochote duniani. Kwa hiyo watu husema: kimewaokoa kuwa mbali.

Hapo ndipo mimi hugoma. Mwaka 1874 kulikuwa na mpango wa kukodisha Aldabra ikatwe miti. Charles Darwin na wenzake wakamwandikia gavana wa Mauritius, aliyekuwa na mamlaka juu ya kisiwa hicho, kuwaombea kobe. Miaka ya 1960 Waingereza wakataka kujenga hapo uwanja wa ndege za kijeshi. Angalieni: safari hii kilichokiponza kisiwa ni huko kuwa mbali! Wanasayansi wakapiga kelele, fedha nazo zikawabana Waingereza, na mwaka 1967 mpango ukafa. Mwaka 1982 UNESCO ikakiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kila mara alikuwepo mtu wa kusema hapana.

Kisiwa cha Pinta, huko Galápagos, kiko mbali vilevile. Mwaka 1959 wavuvi waliachia mbuzi watatu, wawe kitoweo cha safari zijazo. Baada ya miaka kumi na kitu mbuzi walikuwa makumi ya maelfu. Mbuzi hamng'ati kobe. Anamla kivuli chake na chakula chake. Mwaka 1971 kobe mmoja dume alionekana Pinta, wakamwita George Mpweke. Walimtafutia mwenzi wa aina yake miaka arobaini. Alikufa Juni 2012, na aina yake ikaishia kwake.

Kuwaondoa mbuzi kulihitaji helikopta na bunduki. Tena mbuzi akibakia mmoja mmoja hujificha, kwa hiyo walimfunga mbuzi jike kifaa cha redio shingoni, wakamwachia. Mbuzi hapendi upweke, atawatafuta wenzake tu. Anawafikia, na wawindaji nyuma yake. Walimwita mbuzi Yuda. Hadi mwaka 2006, kwenye visiwa vya Isabela na Santiago, hukohuko Galápagos, mbuzi zaidi ya 140,000 walikuwa wameuawa, na mizoga mingi ikaachwa iozee palepale.

(Minong'ono ukumbini.)

Najua, najua. Mnawaza supu.

Panya ni wabaya zaidi. Kisiwani Pinzón, nacho cha Galápagos, walikula vitoto vya kobe kwa zaidi ya karne moja, mpaka wakabaki wazee watupu. Watu wakawa wanakusanya mayai, wanalea vitoto mpaka gamba liwe gumu, wanavirudisha. Panya walitokomezwa mwaka 2012.

Lakini mbuzi na panya hawajui walitendalo. Twendeni Changuu, maana pale hatuna wa kumsingizia. Mwaka 1919 gavana Mwingereza wa Shelisheli aliipa Zanzibar zawadi ya kobe wanne. Wakazaana, mwaka 1955 walikuwa wapatao 200. Mwaka 1996 walibaki saba. Waliibwa, wakauzwa kwa wanaotaka kobe wa kufuga. Na Changuu ni nusu saa tu kwa boti kutoka Mji Mkongwe; unaiona ukiwa Forodhani unakula urojo! Walipojengewa uzio na kuwekewa walinzi ndipo idadi ikapanda tena. Wala si sisi peke yetu: Machi 2021, kwenye uwanja wa ndege wa Galápagos, begi moja lilikutwa na vitoto 185 vimeviringishwa plastiki.

Kisiwa cha Española, huko Galápagos, kilibakiwa na kobe 14, dume wawili tu. Wakapelekwa kwenye kituo cha kuzalishia kobe, wakaongezewa dume wa tatu, Diego, kutoka bustani ya wanyama ya San Diego. Mayai yalitotolewa kwa joto la kupangwa, maana kwa kobe joto ndilo huamua jinsia: kama nyuzi 28 hutoa madume, 29 na nusu majike. Mwaka 2020 Diego na wazee wenzake walirudishwa kwao, ambako watoto na wajukuu tayari walikuwa wapatao 2,000.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, kaka.

(Swali: Kwa nini tusiwalete kisiwani Mbudya, hapa karibu na Dar es Salaam?)

Swali zuri, na si la kuchekesha. Mauritius wameleta kobe wa Aldabra kwenye kisiwa kidogo cha Île aux Aigrettes, wachukue nafasi ya wale waliokwisha, na wanaeneza mbegu za miti ambayo haikuwa na wa kuieneza. Ila Mbudya, Jumapili, kuna mamia ya watu na samaki wa kukaanga. Jumatatu asubuhi hakuna. Mimi sina swali la chakula cha kobe wala la kivuli. Nina moja tu, kaka: usiku wa Jumapili hiyo, nani atalala kule?